Moyo Kwenda Mbio: Hofu ya Mazoezi katika Shule Zetu

Kila mwalimu aliyewahi kusimamia kipindi cha michezo anamfahamu mwanafunzi ambaye siku ya kukimbia haikosi kumletea maradhi. Jumatatu alikuwa mzima, Jumanne alicheka na wenzake, lakini Jumatano kengele ya michezo inapolia tumbo linamuuma, au kichwa kimemshika, au ana barua kutoka nyumbani inayoomba asichoshwe. Tumezoea kumpa jina moja: mvivu. Mwalimu mwenye huruma humwacha akae chini ya mwembe alinde sare za wenzake. Mwalimu mkali humzungusha uwanja mara tano zaidi. Nadai katika makala haya kwamba wote wawili wamekosea, na kwamba wamekosea kwa kuwa hawaitumii uwanjani elimu ileile ya mwili wa binadamu ambayo shule yao inaifundisha darasani saa mbili kabla.

Mwanafunzi huyo, mara nyingi, haogopi kuchoka. Mtazame siku ya kulima bustani ya shule, utamkuta ameshika jembe sawa na wenzake. Anachokiogopa ni vitu viwili: kile anachokihisi ndani ya kifua chake mwili unapoanza kufanya kazi kwa nguvu, na macho ya watu wanaomtazama wakati anapokihisi. Asili zake ni mbalimbali, lakini vikikutana katika mtu mmoja hulishana.

Tuanze na kifua. Mwaka 1915 Walter Cannon, profesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha kitabu kuhusu mabadiliko yanayoupata mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na ghadhabu. Miongoni mwa wanyama waliochunguzwa walikuwamo paka waliobwekewa na mbwa. Cannon alionyesha kwamba mnyama anapotishika, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini katika damu; moyo huongeza mapigo, ini huachia sukari, damu hupunguzwa tumboni na kupelekwa kwenye misuli, na njia za hewa mapafuni hupanuka. Mabadiliko yote hayo yana shabaha moja, nayo ni kuiandaa misuli kwa kazi nzito ya kupigana au ya kukimbia. Ndiyo sababu mtu mwenye hofu hushindwa kula, kwani katika dakika hiyo mwili hauna nafasi ya kusaga chakula.

Sasa mchukue kijana asiyeogopa chochote, umwambie akimbie mizunguko miwili ya uwanja. Moyo wake, ambao akiwa ametulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, utapanda, na akijitahidi sana utapita 180. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma damu kiasi cha lita 5 kwa dakika. Katika kazi nzito husukuma lita 20 na zaidi. Kijana atahema, atatoka jasho, kinywa kitamkauka, na akisimama miguu itamtetemeka. Dalili hizi ni zilezile za paka wa Cannon. Lugha yetu yenyewe haizitofautishi: "Moyo unanienda mbio," asema aliyemaliza mashindano, na maneno hayohayo asema aliyekutana na nyoka njiani.

Kinachotofautisha ni maana ambayo ubongo unazipa dalili hizo. Katika jaribio moja mashuhuri la mwaka 1962, Stanley Schachter na Jerome Singer waliwadunga wanafunzi wa chuo sindano za adrenalini. Wale walioelezwa mapema kwamba moyo ungepiga kwa kasi na mikono ingetetemeka hawakuchukuliwa sana na furaha au hasira iliyoigizwa mbele yao. Wale ambao hawakuelezwa kitu walichukuliwa zaidi. Watafiti waliolirudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo yenye nguvu kama yale ya kwanza, kwa hiyo silitegemei peke yake. Lakini mwaka 1985 wanasaikolojia Steven Reiss na Richard McNally walitoa hoja ambayo imesimama imara zaidi: kwamba watu hutofautiana pia kwa kadiri wanavyoziogopa dalili za hofu zenyewe. Wako ambao moyo ukiongeza kasi wanaona ni moyo tu. Wako ambao wanaona ni kifo kinabisha hodi. Kwa huyu wa pili, moyo unakwenda mbio kwa sababu anakimbia, anaogopa kwa sababu moyo unakwenda mbio, na hofu hiyo inatoa adrenalini zaidi inayouzidishia moyo mwendo. Gurudumu hilo likishaanza kuzunguka, kumwambia "jikaze" hakulisimamishi.

Hapa kuna jambo moja la fiziolojia ambalo ningependa kila mwalimu wa michezo alijue, maana linaeleza kioja ambacho wengi wetu tumekiona bila kukielewa: mwanafunzi anayezidiwa kabla hajaanza kukimbia. Wanafunzi 40 wamepangwa mstari. Wanaitwa mmoja mmoja kukimbia mita 100, mwalimu ameshika saa, na waliobaki wanatazama. Wa thelathini na tano anasimama juani nusu saa akingoja zamu yake, na hofu inamfanya apumue haraka haraka. Mtu anayekimbia naye hupumua haraka, lakini misuli yake inatengeneza kabonidayoksaidi kwa wingi, na pumzi zake zinaiondoa kwa kadiri inavyotengenezwa. Anayesimama haitengenezi kwa wingi huo. Kwa hiyo kila pumzi ya ziada inaipunguza kabonidayoksaidi ya damu chini ya kiwango chake. Damu inapungua uasidi. Mishipa ya damu ya ubongo inajibana. Kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo vinaingia ganzi, kifua kinakuwa kama kimefungwa kamba. Naye, akidhani hewa haimtoshi, anavuta zaidi, na kuyazidisha yaleyale anayotaka kuyatibu. Akianguka tunasema kwamba mazoezi hayamfai, ilhali bado hajapiga hata hatua moja ya mazoezi.

Dawa ya hali hiyo haigharimu senti. Mwanafunzi asisimamishwe, atembetembee, apumue kwa pua, airefushe pumzi ya kutoa kuliko ya kuvuta, azungumze na jirani yake. Mstari wa kungoja uvunjwe kabisa, na wanafunzi wakimbie makundi kwa makundi. Vivyo hivyo mwisho wa mbio. Anayesimama ghafla, damu humbaki miguuni, kwa kuwa misuli ya miguu iliyokuwa ikisaidia kuirudisha moyoni imeacha kazi. Anaona kizunguzungu, na mwenye hofu hukichukua kizunguzungu hicho kuwa ushahidi wa yale aliyoyaogopa. Dakika tano za kutembea zinatosha kumwondolea ushahidi huo.

Nayasema haya kwa haya kidogo, maana nami yalinipata nikiwa mtu mzima mwenye shahada mbili. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea uzamivu, majira ya baridi yalinizuia kutembea nje kama nilivyozoea, nikaenda katika ukumbi wa mazoezi wa chuo. Ulikuwa chumba kirefu chini ya ardhi, vioo ukuta hadi ukuta, na mashine ambazo sikujua zinawashwaje. Watu wote, kwa macho yangu, walijua wanachofanya isipokuwa mimi. Nilipanda mashine ya kukimbilia nikiwa tayari nahema, na baada ya dakika nne nilishuka nimeshika ukuta, nina hakika kwamba moyo unapasuka. Daktari aliyenipima alinieleza, kwa upole, mzunguko ule ule nilioueleza hapo juu. Nami nilikuwa nimekwisha kufundisha fiziolojia ya moyo kwa miaka miwili! Niliijua kwa ajili ya mitihani. Hakuna aliyewahi kunifundisha kuisoma katika kifua changu mwenyewe.

Tuje kwenye macho ya watu. Mwaka 1965 Robert Zajonc alikusanya majaribio mengi yaliyokuwa yakipingana na kuonyesha kanuni iliyo ndani yake: kuwapo kwa watazamaji humsaidia mtu katika jambo alilolizoea, na humharibia katika jambo analojifunza. Miaka minne baadaye yeye na wenzake waliijaribu kanuni hiyo kwa mende, jambo ambalo wanafunzi wangu hulifurahia kuliko yote. Mende huikimbia taa. Katika njia iliyonyooka walikimbia upesi zaidi mende wenzao walipokuwa wakiwatazama. Katika njia yenye kona ambayo iliwabidi wachague upande, walichelewa zaidi kwa sababu ya watazamaji haohao. Ikiwa mende ana shida hiyo, tunashangaa nini kwa msichana wa miaka 14 anayetakiwa kuruka juu kwa mara ya kwanza maishani mbele ya darasa zima?

Ni kweli kwamba watu hututazama kidogo kuliko tunavyodhani. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000, Thomas Gilovich na wenzake waliwavika wanafunzi wa chuo fulana yenye picha ya mwimbaji ambaye waliona aibu kumvaa, kisha wakawaingiza katika chumba chenye wenzao. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wangemtambua aliyechorwa. Kwa hakika walikuwa karibu robo. Habari hiyo humfariji sana anayeingia ukumbi wa mazoezi wa mjini, ambako kila mtu anashughulika na jasho lake. Nalazimika kusema, hata hivyo, kwamba haimfariji mwanafunzi wa sekondari kwa kiasi hicho. Yeye hutazamwa kweli, huchekwa kweli, na hupachikwa jina ambalo litamfuata hadi kidato cha nne. Kumwambia kwamba ni mawazo yake tu ni kumdanganya. Wajibu wa kuyaondoa macho hayo ni wa mwalimu.

Na kwa wasichana mzigo ni mzito zaidi. Wanakimbia katika mavazi ambayo hawakuyachagua, katika umri ambao mwili unabadilika kila mwezi, na pengine mbele ya wavulana walioketi kando ya uwanja kwa kazi hiyo ya kutazama. Mwaka 2003 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba wanawake wasiozoea mazoezi walijisikia vibaya zaidi walipofanya mazoezi mbele ya kioo kuliko walipofanya bila kioo. Shule zetu hazina vioo uwanjani. Zina wavulana kando ya uwanja, nao hufanya kazi ileile. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za mwili kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17. Uchunguzi wa watafiti wake uliotolewa mwaka 2019, ukitumia takwimu za hadi mwaka 2016, ulionyesha kwamba asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho: wavulana asilimia 78, wasichana 85. Najua mtoto wa kijijini atembeaye kilomita kadhaa kwenda shule ana hesabu yake nzuri. Lakini wanafunzi wetu wa mijini hupanda basi, na wa bweni huvuka ua tu. Kwao kipindi cha michezo ndicho karibu chote walicho nacho. Msichana akiruhusiwa suruali pana chini ya sketi, au hijabu iliyofungwa vizuri, na uwanja ukawa wa wasichana peke yao mara moja kwa wiki, sioni taifa linapoteza nini.

Sasa nifike penye kiini cha malalamiko yangu. Kila mwalimu amesoma chuoni habari za Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, na mbwa wake waliotokwa na mate kwa kusikia tu ishara iliyozoea kuandamana na chakula. Tumejibu maswali ya mtihani juu ya mbwa hao, tukafaulu. Kisha tukatoka tukawaadhibu wanafunzi waliochelewa kwa kuwazungusha uwanja, waliopiga kelele kwa kuwarusha kichura, na waliosahau daftari kwa pushapu 20. Tumeandamanisha moyo kwenda mbio na aibu, mwaka baada ya mwaka, kwa ustadi ambao Pavlov angeuonea wivu. Halafu tunauliza mbona vijana wakimaliza shule hawataki tena kukimbia. Huwezi kukitumia kitu kimoja kama fimbo asubuhi na kama zawadi jioni, ukategemea mtoto asahau asubuhi. Yapasa mazoezi ya mwili yaondolewe katika adhabu za shule, yote, hata ile mizunguko miwili inayoonekana haina madhara. Nimewahi kulisema hili katika kikao cha walimu, nikajibiwa kwamba sisi wenyewe tulizungushwa uwanja na hatukufa. Hatukufa, lakini niliwatazama waliokuwa kikaoni, nami nikiwamo, na sikuona wengi wanaoweza kupanda ngazi za ghorofa ya tatu bila kupumzika.

Ajabu ni kwamba tunayo mfano bora hapa nyumbani, nao ni mchakamchaka. Nauzungumzia mchakamchaka wenyewe, bila kiranja mwenye fimbo nyuma ya wanaochelewa. Watu wanakimbia pamoja alfajiri, kwa mwendo wa polepole, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho, hakuna anayetazama kwa sababu wote wamo safarini. Wimbo nao ni kipimo cha kisayansi. Watu wa afya hutumia maongezi kupima nguvu ya zoezi: anayeweza kusema sentensi lakini hawezi kuimba wimbo mzima anafanya zoezi la wastani, asiyeweza kusema zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi amekwisha kuingia katika zoezi zito. Anayeitikia kiitikio kifupi kisha akapumua wakati mwanzilishi anaimba yuko mahali panapomfaa anayeanza. Kuitikia huku kunayapa mapafu mpangilio ambao mwenye wahaka hawezi kujipangia mwenyewe.

Ningependa kwanza walimu wa biolojia na wa michezo wakutane, jambo ambalo katika shule nyingi hutokea siku ya mahafali tu. Somo lao la pamoja lahitaji saa yenye mshale wa sekunde na daftari. Mwanafunzi aweke vidole viwili kwenye mkono, upande wa kidole gumba, ahesabu mapigo kwa sekunde 30 na kuzidisha kwa 2. Ahesabu akiwa ameketi. Ahesabu tena baada ya kukimbia papo hapo dakika moja. Ahesabu baada ya kupumzika dakika moja, mbili na tatu. Siku nyingine ahesabu anapoambiwa kwamba ataitwa mbele kusoma kwa sauti, kisha aambiwe kwamba hataitwa. Achore grafu za siku zote mbili. Wengi wataona kwamba moyo ulipanda hata walipokuwa wameketi kitini, na kwamba ulishuka wenyewe bila dawa wala dua. Mwanafunzi aliyekwisha kuuona mstari huo ukishuka kwa mkono wake mwenyewe ana kitu cha kukumbuka siku kifua kitakapompiga uwanjani. Wakirudia baada ya wiki nane za mazoezi, wengi watakuta unashuka upesi zaidi.

Jambo hili si ndoto yangu tu. Waganga wa hofu za ghafla, tangu miaka ya 1980, huwakimbiza wagonjwa wao papo hapo, au huwazungusha kitini, ili wazizoee dalili wanazoziogopa katika mahali pa salama. Mwaka 2004 Joshua Broman-Fulks na wenzake, huko Marekani, waliwachukua watu wenye kuziogopa sana dalili hizo, wakawapa vipindi sita vya dakika 20 kwenye mashine ya kukimbilia au kutembelea. Hofu hiyo ilipungua, na kwa waliofanya kwa nguvu ilipungua upesi zaidi. Zoezi lenyewe, basi, ni tiba ya hofu ya zoezi, mradi mgonjwa aingie kwa mwendo wake, ajue kinachomtokea, na asitoroke katikati ya kilele. Hapo ndipo mwalimu mwenye huruma alipokosea: kila siku aliyomweka mtoto chini ya mwembe, hofu ilipata ushindi na ikaongezeka nguvu.

Hata hivyo si kila kifua kinachobana kina hofu ndani yake. Anayekohoa na kutoa mlio kifuani dakika chache baada ya kukimbia pengine ana pumu. Mwenye sikoseli, na katika sehemu zetu wako wengi, anahitaji maji, mapumziko na ushauri wa daktari. Anayezimia katikati ya mbio, anayepata maumivu ya kifua kila anapojitahidi, au ambaye ndugu yake alikufa ghafla akiwa kijana, asikimbie tena mpaka apimwe hospitali. Mwalimu asijifanye daktari kwa upande wowote, wala wa kuruhusu wala wa kukataza.

Mimi nilirudi katika ukumbi ule wa chini ya ardhi wiki mbili baadaye, saa ya asubuhi ambapo watu ni wachache, nikachagua mashine ya pembeni iliyoelekea dirisha dogo badala ya kioo. Wiki ya kwanza nilitembea tu. Sasa ni miaka mingi, na hata leo nikifika mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi wa hapa mjini, moyo huongeza mapigo kabla sijabadili viatu. Huwa nayahesabu, naandika, kisha naanza kutembea.